Fundi wa Kadi wa Malaba Anayegeuza Uso

Saa mbili asubuhi mjini Malaba, Austine Ojiambo ameinua kadi ya plastiki mbele ya tochi, anaikagua kama mtu anayetenga mayai mabovu. Nje ya kibanda chake, malori yanayosubiri kuvuka kuingia Uganda yamepangana hadi macho yanachoka, na madereva wanapiga mswaki kando ya magurudumu.

Kadi ni ya dereva mmoja anayeitwa Osukuku. Ndiyo inayomfungulia lango la yadi anakolaza lori lake. Haichomeki popote, anaigusisha tu kwenye mashine, na lango linapanda. Jana aliikalia, ikapasuka.

"Boss, hiyo itapona kweli?" anauliza Osukuku.

"Chipu iko sawa. Ni waya imekatika."

Ndani ya plastiki mna waya mwembamba wa shaba unaozunguka ukingo wote wa kadi, na umeshikana na chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Waya ukikatika kadi inakuwa bubu, lakini kumbukumbu zake zote bado zimo ndani ya chipu. Austine anaitumbukiza kadi katika kikombe chenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, anangoja plastiki ilainike, anaichokoa chipu kwa sindano, kisha anaichomelea kwenye waya alioufungua kutoka spika iliyokufa.

Kufikia hapo ni kazi ya fundi yeyote mwenye macho mazuri na subira. Kinachofuata ndicho cha ajabu. Anaiweka chipu juu ya simu yake, na maandishi yanapoanza tu kujitokeza, anamkabidhi Osukuku simu, anageuza kiti na kutazama ukuta wa mabati.

"Soma wewe. Kama ni yako, sema tu ndiyo."

"Fundi, hapa ni namba ya lori tu," Osukuku anacheka. "Si ati ni chumba yangu ya kulala."

"Sema ndiyo."

"Haya basi. Ndiyo."

Ndipo Austine anageuka, anapokea simu na kufuta kila kitu kilichoonekana. Madereva wageni humtania na kumwita Fundi Ukuta. Wenyeji wa Malaba hawamtanii, kwa sababu wao wanajua alikoanzia kutazama ukuta, na wengi wao wana sehemu yao katika habari hiyo.

Austine ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa Sigalame, upande wa Funyula, katika familia ya wakulima wa mihogo. Alimaliza kidato cha nne na alama ambazo anasema hazikuwa za kutangaza, kisha anajishika mdomo kana kwamba ametukana mbele ya mama mkwe. Alifika Malaba kutengeneza simu. Baadaye kadi za kugusisha zikaenea mjini, za yadi, za vioski vya maji, za chakula cha shule, na watu wakaanza kumletea zilizopasuka. Kwa kila kadi hulipwa shilingi mia tatu, na kwa pesa hizo yeye na mkewe Vivian wanalea watoto wawili.

Katika kazi hiyo aligundua jambo ambalo wenye kadi hawakulijua. Kadi nyingi za bei ya chini hutoka kiwandani zikiwa na ufunguo mmoja wa siri, unaofanana kwa zote na unaojulikana dunia nzima. Anayezigawa anatakiwa aubadilishe kabla ya kuandika chochote ndani. Wengi hawabadilishi. Ni kama kununua kufuli dukani na kumwachia muuzaji nakala ya ufunguo, kisha ukalala usingizi wa pono.

"Kadi mingi za huu mji zilikuwa wazi hivyo," anasema Austine. "Nikiweka kwa simu, inajaribu ile ufunguo ya kiwanda, inafunguka. Watu wananiambia, fundi wewe ni noma. Na mimi nilikuwa nakubali."

Malaba kuna desturi nzuri ambayo miji mikubwa imeipoteza. Mtu akiokota kitu, kiwe kitambulisho, leseni, funguo au hata mbuzi, hukipeleka kwa Hillary. Hillary huuza dawa ya panya na kunguni sokoni, na ana spika inayosikika hadi upande wa pili wa barabara. Katikati ya panya na kunguni hutangaza vilivyookotwa na jina la mwenyewe. Watu wengi wamepata vitambulisho vyao hivyo, na Hillary hajawahi kudai hata shilingi.

Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, mwendeshaji wa bodaboda aliokota kadi nyeupe matopeni. Ilikuwa na mchoro wa barabara na namba, basi. Haikuwa na jina. Walioichapisha walikuwa na akili zao: aliyeiokota asijue ni ya nani. Walichosahau ni ule ufunguo wa kiwandani.

Hillary aliipeleka kwa Austine. "Nilimuuliza, hii haina jina, sasa mimi nitaita nani?" anakumbuka Hillary.

Austine akaiweka juu ya simu. Ikafunguka papo hapo. Mlikuwa na jina la mwanamke, kijiji chake, kliniki anayotibiwa, tarehe ya kurudi, na majina ya dawa.

"Nilifurahi," anasema Austine, na hapo anafunika uso kwa viganja viwili. "Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Nilifurahi sana. Nilimwambia Hillary, jina ndiyo hii, mwambie aje achukue kadi yake ya mlango wa kijani."

Mlango wa kijani ni jina waliloipa wenyeji zahanati moja ndogo inayohudumia madereva na watu wa barabarani. Malaria hutibiwa pale, presha pia. Lakini kadi nyeupe hupewa tu wale wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, ili wapate dawa zao popote watakaposimama safarini. Malaba nzima inajua hivyo.

Je, Austine alijua?

"Nilijua. Siwezi kukudanganya. Lakini siku hiyo kichwa yangu haikuwa kwa huyo mama. Ilikuwa kwa kadi."

Hillary alitangaza mara tatu. Jina la kwanza, jina la baba, kijiji, mlango wa kijani. "Mara ya tatu nikaona soko imenyamaza," anasema. "Soko kunyamaza mchana! Nikajua kuna kitu nimesema. Nilizima spika, lakini wapi. Neno lilikuwa limeshatoka."

Gazeti hili halitaandika jina hilo. Limetajwa mara tatu kwa spika na hiyo inatosha. Mwenyewe alichagua tumwite Safia.

Safia alikuwa na kibanda cha chakula kando ya foleni ya malori, chini ya turubai la manjano. Alipika ugali, maharagwe, omena na chapati, na madereva walimpenda kwa sababu hakupima chakula kwa jicho la uchoyo. Jina lake lilipoitwa, alikuwa ameshika upawa.

"Nilidhani nimeshinda kitu," anasema. "Unajua wakati mwingine wanakujanga na hizo promosheni. Nikatabasamu. Halafu nikasikia ile ya mlango wa kijani." Anafunika sufuria. "Nikaendelea kupakua. Wa kwanza kwa laini akasema enyewe hana njaa. Wa pili alikuwa ameshashika sahani. Akaiweka chini polepole, kama itapasuka."

Osukuku, yule dereva wa kadi iliyokaliwa, alikuwa kwenye laini hiyo. Akiulizwa alikuwa wa ngapi, anaangalia viatu vyake.

"Mimi ndiye wa pili," anasema. "Nilikuwa nimekula kwa huyo mama miaka minne. Chakula ilikuwa ni ile ile. Nilienda kununua mkate."

Kila mtu Malaba leo atakuambia kwamba virusi havipitii kwenye maharagwe. Hata siku ile walijua. Mabango yapo hadi vyooni. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuketi ukala mbele ya wenzako ni kingine. Kufikia jioni sufuria ya Safia ilikuwa imejaa kama alivyoiinjika.

Jioni hiyohiyo Austine alirudi nyumbani na kumsimulia mkewe jinsi alivyofungua kadi isiyo na jina. Vivian alikuwa anasonga ugali. Aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Aliniuliza, ni wewe ulisoma?" anasema Austine. "Nikasema ndiyo. Akaniambia, baba, wewe ungetangazwa hivyo, ungeingilia mlango gani kwako? Ugali iliungua. Hakuna mtu alikula."

Uso umeumbwa na haya, walisema wahenga, na wa Austine haukupata pa kujificha. Kesho yake alienda kumwomba Safia msamaha. Alikuta turubai limeshushwa. Siku iliyofuata hata mafiga hayakuwepo. Safia alikuwa amehamia kwa dada yake, Amukura.

Kadi ilibaki kwenye droo ya fundi. Ndani yake mlikuwa na tarehe ya kurudi kliniki, na Austine, kwa kuwa alikuwa ameisoma, aliijua. Aliiona tarehe ikija. Aliiona ikipita. Dawa zile hazirukwi. Anayeziacha, ugonjwa hurudi na nguvu mpya. Hakuwa ameiba pesa wala mali, lakini alianza kuamini kwamba atakuwa ameua mtu.

"Nilikuwa nafungua droo, naiangalia, nafunga. Nilikonda," anasema.

Akapanda pikipiki hadi Amukura. Alimkuta Safia uani akimenya mihogo, akampa kadi kwa mikono miwili. Safia aliitazama, akaiweka juu ya kibao na kuikata katikati kwa kisu kilekile cha mihogo.

"Akasema, sasa hakuna kitu ya kusoma. Halafu akaendelea na mihogo. Mimi nilikuwa nimebeba neno pole kutoka Malaba. Nilirudi nalo."

Kutoka Amukura alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kijani. Alimwambia muuguzi, Roselida, kwamba kadi zao ziko wazi, na kwamba mtu yeyote mwenye simu kama yake anaweza kuzisoma akiwa amesimama. Alitarajia polisi waitwe. Roselida alivuta kiti akaketi.

"Nilitaka kumkasirikia, na nilikuwa na haki," anasema Roselida. "Lakini kadi hizo nilizigawa kwa mkono wangu. Kila mmoja nilimwambia, mama, siri yako iko salama. Nilikuwa narudia nilichoambiwa. Sikuwahi kuuliza salama kivipi." Anapangusa meza isiyo na vumbi. "Nilishindwa kuwatazama wagonjwa wangu usoni."

Kadi zote ziliitwa kimyakimya, mwenyewe kwa mwenyewe. Zikawekewa ufunguo mpya, na majina na vijiji vikafutwa, ikabaki namba tu. Ya Safia peke yake haikurudi.

Safia alikaa bila dawa hadi mavuno ya mahindi. Alianza kukohoa, nguo zikaanza kumpwaya. Dada yake ndiye aliyemshika mkono na kumrudisha kliniki, wakiingia mlangoni mchana kweupe huku Safia amejifunika leso hadi puani.

Ikatokea shida nyingine. Safia alianzia dawa miaka mingi iliyopita katika kliniki ya mbali barabarani, ambayo ilifungwa, na mashine zake hakuna ajuaye zilikopelekwa. Kuna dawa zilizowahi kumkataa mwilini, na kumpa tena kungemletea hatari. Mlango wa kijani haukuwa na nakala; historia yote ilikuwa ndani ya ile kadi.

"Waliniuliza majina ya dawa. Mimi nilikumbuka rangi tu," anasema Safia. "Moja nyeupe, moja kama chai ya maziwa."

Vile vipande viwili vilikuwepo. Dada yake aliviokota uani siku ileile akavitia kwenye kopo la majani ya chai, bila kumwambia. Roselida alivitazama na kusema vinahitaji fundi. Hakutaja jina, kwa kuwa haikuwa kazi yake kumtuma mgonjwa kwa aliyemwumiza. Safia ndiye aliyelitaja.

Austine anakumbuka kivuli kilichosimama mlangoni, na kitambaa kilichofunguliwa juu ya meza yake.

"Akaniambia, ulisoma bila ruhusa. Leo nakupa ruhusa ya kutengeneza. Ya kusoma sijakupa."

Kisu kilikuwa kimepita karibu na chipu, pengine kwa upana wa unywele. Austine aliiweka chini pasi ya kuchomelea, akaenda nje kunawa uso, akarudi. Safia alikaa kwenye benchi akimtazama. Kwa kawaida angejaribu kadi kwenye simu yake kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Safari hii hakuigusa simu. Alifunga chipu na waya wake kwenye kitambaa kilekile, akageukia ukuta, na akanyoosha mkono nyuma ili Safia aipokee.

"Sikujua kama imepona," anasema. "Nilikaa nikiangalia mabati. Wateja walikuja, nikawaambia warudi kesho."

Hakuna aliyekuja kumpa habari, na hakustahili kupewa. Lakini jua lilipoanza kupoa, Safia na dada yake walipita mbele ya kibanda. Safia alikuwa ameshika mfuko wa kaki wenye dawa, na hakuuficha ndani ya leso. Fundi huyu, ambaye tangu siku ya tangazo hakuwa ametoa chozi, aliinamisha kichwa juu ya meza ya kazi akalia.

Leo turubai la manjano limerudi kando ya foleni. Safia amenenepa, sauti yake inasikika. Wateja si kama zamani. Wanaokula ni madereva wa mbali wasiojua habari, na wenyeji wachache. Osukuku amerudi, ingawa kwa wiki nzima ya kwanza alilipa bila kumtazama.

Hillary bado anatangaza. Lakini sasa hutangaza kitu tu, bila jina: kuna funguo, kuna kitambulisho, mwenyewe aje ajieleze. Akiletewa kadi yoyote nyeupe huifunga kwenye karatasi na kuipeleka kwa Roselida, mdomo kimya.

Mwandishi wa makala haya alipoketi kwa Safia kumhoji, aliletewa maharagwe na chapati. Kabla ya kula, alijikuta ameitazama sahani. Ilikuwa ni kutupa jicho tu.

"Na wewe pia," Safia alisema, bila hasira. "Kula tu. Mmezoea kuangalia."

Mwandishi alikula akamaliza, na chapati zilikuwa laini, lakini kila tonge lilishuka na fedheha yake.

Kuhusu Austine, Safia hajasema kwamba amemsamehe. Hata hivyo amegundua kwamba fundi huyo, akipita kwenda kununua chakula cha mchana, huvuka barabara na kupita upande wa pili, akitembea haraka kama anayekwepa mvua.

"Anaona haya. Hiyo haya yake inanifaidi nini?" anauliza. Anageuza chapati, anaipaka mafuta. "Ukirudi kwake mwambie chakula ipo. Lakini asije saa watu hawako, ati kujificha. Siku ile jina langu liliitwa soko ikiwa imejaa. Basi na yeye aje soko ikiwa imejaa, asimame kwa laini, na aagize chakula yangu kwa sauti. Wote wasikie."

Ujumbe ulifikishwa kibandani jioni, Austine akiwa anafunika vifaa vyake. Aliusikiliza akitazama ukuta. Kisha akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kesho ni siku ya soko," alisema. "Nitaenda saa saba, wakati soko imejaa mpaka kwa Hillary."

Akajaribu, kwa sauti ndogo, kama mtoto anayekariri shairi la shule: "Mama, nipe maharagwe na chapati mbili." Akatikisa kichwa. Hakuridhika. Akasafisha koo na kulisema tena, kwa nguvu zaidi, hata dereva aliyekuwa akipita nje akasimama na kuuliza kama ameitwa.